Maisha ya Bwana Alexander Mackay, Fundi wa Ziwa

Ndugu wasomaji, katika kitabu hiki kidogo cha yubile mtasoma habari za maaskofu, makasisi na wazee waliojenga makanisa yetu kwa matofali na kwa machozi. Mimi niliyepewa kurasa hizi chache ni katekista tu, nami nimeomba ruhusa niandike habari za mtu ambaye hakuwa askofu wala kasisi. Alikuwa fundi wa chuma na wa mbao. Jina lake ni Alexander Mackay, na kaburi lake la kwanza lilichimbwa upande huu wetu wa kusini mwa ziwa, mahali palipoitwa Usambiro.

Sababu ya kumchagua ni hii. Katika karakana ya misheni yetu palikuwa na magari mawili makuukuu, ya namna ile isukumwayo na magurudumu yote manne. La kwanza injini yake ilikuwa nzima, lakini chesisi yake ilikuwa imeliwa na kutu, hata ukiigonga kwa nyundo, nyundo hupenya. La pili chesisi yake ilikuwa imara, lakini injini yake ilikuwa imepasuka, nalo likakaa hata nyasi zikaota kati ya magurudumu. Kamati ikakutana mara tatu. Wengine wakasema yauzwe kwa wanunuzi wa vyuma, nasi tungoje kuletewa jipya. Wengine wakasema kungoja tumekwisha kungoja, na wagonjwa wa vijijini hawangoji. Ndipo mzee fundi wetu akaomba apewe miezi mitatu.

Akayafungua magari yote mawili hata parafujo ya mwisho, akavipanga vyombo chini safu kwa safu, akapima. Akatwaa injini ya hili na chesisi ya lile, na sehemu ya nyuma akaikata akaifanya sanduku la mizigo. Kazi iliyomchelewesha ni ekseli. Maana katika gari la namna hii, likipita matopeni, ekseli ya mbele na ya nyuma huzungushwa kwa nguvu moja. Na kama hesabu ya meno ya difu ya mbele hailingani na ile ya nyuma, basi mbele hutaka mwendo huu na nyuma hutaka mwendo ule, na baada ya siku chache vyuma huvunjana vyenyewe kwa vyenyewe. Kwa hiyo hakutwaa moja huku na moja kule, bali alitwaa zote mbili katika gari moja, ijapokuwa ekseli ya nyuma ya lile jingine ilikuwa nzuri zaidi. Ile nzuri akaiweka kando. Vijana walinung'unika, wakaona ni hasara, lakini leo lori lile linakwenda, linachukua saruji na mahindi na wagonjwa. Nami nilipomwona mzee yule akiiacha ekseli nzuri ili gari lipate kwenda, nilimkumbuka Bwana Mackay na mashua yake iliyoitwa Daisy.

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, wilaya ya Aberdeen, nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji na mtu wa elimu nyingi, naye alimfundisha mwanawe mwenyewe nyumbani kwa miaka mingi. Walakini moyo wa kijana haukukaa katika vitabu peke yake. Alipenda kwenda kwa mhunzi, na penye kinu, na mahali po pote palipokuwa na gurudumu lizungukalo. Mwaka 1867 alikwenda Edinburgh kujifunza ualimu, kisha akaendelea na elimu ya uhandisi, akashika kazi kwa mikono yake katika viwanda vya mitambo huko Leith. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akafanya kazi Berlin ya kuchora na kuunda mitambo. Mtu wa namna hii angeweza kupata mshahara mwema na nyumba nzuri, na asijulikane kwetu hata leo.

Lakini mwishoni mwa mwaka 1875 magazeti ya Uingereza yalichapa barua ya msafiri Stanley, iliyosema kwamba Mfalme Mutesa wa Uganda anataka walimu, na kwamba watakiwao si wasemaji tu, bali watu wawezao kuonyesha watu kazi. Chama cha Church Missionary Society kikakusanya watu wanane. Mdogo wao wote alikuwa Mackay, umri wake miaka 26. Siku ya kuagana aliwaonya wakubwa wa chama kwamba huenda katika miezi sita mmoja wao atakuwa amekufa, akawaomba wasivunjike moyo habari hiyo itakapofika, bali watume mwingine mara moja. Waliomsikia walinyamaza kimya.

Akaondoka Uingereza mwezi wa Aprili 1876, akafika Unguja mwishoni mwa Mei. Na neno lake likawa kweli kabla miezi sita haijatimia, maana mwezi wa Agosti mmoja wao, James Robertson, alikufa papo hapo Unguja.

Safari ya bara ilikuwa na shida kubwa ya mizigo. Wale wanane walikuwa wamekuja na mashua Daisy, iliyoundwa vipande vipande ili ichukuliwe na wapagazi, na mtambo wa mvuke pia, na tanuru yake, na vyombo vya uhunzi, na mtambo wa kupiga chapa. Kila kitu kilifunguliwa kikawa mizigo ya kichwani, na misafara ikaondoka pwani kwa makundi mbalimbali. Mackay mwenyewe alishikwa na homa huko Ugogo, akarudishwa pwani. Alipopata nguvu aliagizwa akate njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hata Mpwapwa, yaani mwendo wa maili 230. Mwaka 1877 aliikata njia ile pamoja na vibarua wake kwa mashoka, majembe na misumeno, akijenga madaraja na kuvuka mabwawa. Njia ikafunguka, walakini mbung'o wakawaua ng'ombe. Hivyo Mackay akajifunza, na kwa gharama kubwa, kwamba chombo kizuri kisichopatana na nchi hakifai. Gari lilikuwa zima, na njia ilikuwa nzima, lakini ng'ombe hawakuweza kuishi katika nchi ile ya mbung'o.

Wakati ule wenzake waliotangulia walikuwa wakipukutika. Dakta John Smith alikufa kusini mwa ziwa mwezi wa Mei 1877. Wawili wengine walirudishwa Uingereza kwa ugonjwa. Mwezi wa Desemba 1877 Bwana Shergold Smith na Bwana O'Neill waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe, kwa sababu ya ugomvi wa mfalme Lukonge na mfanya biashara mmoja Mwarabu aliyekimbilia kwao. Alibaki Bwana Wilson peke yake huko Uganda, na Mackay peke yake njiani.

Alipofika Kagei, kando ya ziwa, mwezi wa Juni 1878, alikuta mali yote ya misheni imerundikwa katika kibanda kimoja. Vyuma vya mtambo vilikuwa vimechanganyika na vitabu, herufi za chapa na misumari, mabomba na nguo, na kutu imeshika kila mahali. Wenye kuijua orodha ya vitu hivyo walikuwa wamekufa. Mtu mwingine angalikaa chini akalia, kisha akaandika barua ya kuomba vitu vipya kutoka Ulaya, akangoja mwaka mzima au zaidi. Mackay alianza kupanga vitu chini. Siku kwa siku alifungua, akasugua, akalinganisha kipande na kipande, hata vyuma vya mtambo wa mvuke vikasimama mahali pake, na vipande vya tanuru vikawa tayari kwa kupigwa ribiti. Watu wa Kagei walikuja kutazama, wakastaajabu kwamba fungu lile la takataka lilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo.

Lakini kabla ya kusafiri palikuwa na jambo jingine la kutengenezwa, zito kuliko chuma. Damu ya Wazungu wawili ilikuwa imemwagika Ukerewe, na watu wote wa ziwa walitazamia kisasi. Mackay alivuka kwenda kisiwani kwa Lukonge bila silaha, ijapokuwa watu walimwonya kwamba hatarudi. Akaketi na mfalme yule, wakasema habari za mauaji hata zikaisha, wakafanya mapatano ya amani, naye akarudi salama Kagei. Neno hili lataka kukumbukwa sana, kwa kuwa wengi husifu nyundo yake, na husahau safari ile ya mikono mitupu.

Mwezi wa Agosti 1878 Bwana Wilson alikuwa amekuja kumlaki, nao wakatweka tanga la Daisy kuelekea Uganda. Ziwa letu mnalijua, ndugu zangu. Asubuhi ni kioo, na jioni ni simba. Dhoruba iliwapiga, ikawatupa pwani ya magharibi, na mawimbi yakaivunja mashua mchangani. Walijiokoa wenyewe na mizigo yao, wakapiga hema. Hapo palikuwa mbali na Kagei na mbali na Uganda, kwa watu wasiowajua, na mashua nyingine ya misheni haikuwapo katika ziwa lote.

Mackay akaizunguka Daisy akaitazama. Tezi na omo vilikuwa vimeharibika sana, na mbao za kuzitengeneza hazikuwapo. Basi akakata shauri ambalo wengi wasingelithubutu. Alikata futi nane katikati ya mashua, mahali ambapo mbao zilikuwa nzuri, akazitumia mbao zile kuziba sehemu zilizovunjika mbele na nyuma. Kisha akaziburuta pande hizo mbili pamoja, akaziunga zikawa chombo kimoja. Kazi hiyo ilichukua majuma manane. Wenyeji wa pwani ile waliwaacha wakae kwa amani, wakawauzia vyakula muda wote huo.

Fikirini, wasomaji, jinsi ilivyo vigumu kutia msumeno katika mbao nzima. Kutupa kilichooza si kazi. Kila mtu huweza. Lakini kukata kilicho kizuri, kwa kuwa bila hicho mbele na nyuma havitashikamana, hapo ndipo fundi hujulikana. Tena kosa moja la kipimo lingewaacha na vipande viwili visivyofaa kitu. Daisy ilitoka pale fupi kuliko ilivyokuwa, wala haikuweza tena kuchukua mizigo kama zamani. Lakini ilielea. Mwezi wa Novemba 1878 Mackay alifika Uganda, akaingia mji mkuu wa Rubaga, akasimama mbele ya Mfalme Mutesa. Mwaka uliofuata Wilson akaondoka, na katika wale wanane wa mwanzo akabaki Mackay peke yake.

Huko Uganda alikaa karibu miaka tisa. Alijenga karakana, akafua vyuma, akachimba kisima na kukitilia bomba, na watu wakashangaa kuona maji yakipanda juu. Alichonga herufi, akapiga chapa karatasi za kusomea, akafundisha vijana kusoma huku nyundo ikilia. Mama yake Mutesa alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyeunda jeneza, tena majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la mbao na la shaba. Mwaka huo huo, tarehe 18 Machi, Waganda watano wa kwanza wa misheni ile walibatizwa. Mwaka 1883 alirudi upande wetu wa kusini kuunda mashua ya pili, iliyoitwa Eleanor, ambayo ilikuwa imeletwa vipande vipande kutoka Uingereza.

Si haki kumwandika mtu kana kwamba hakuwa na kosa. Mackay alikuwa mkali wa ulimi. Mapadre wa Kikatoliki walipofika Uganda mwaka 1879, yeye na wao walishindana mbele ya Mutesa juu ya mambo ya imani, hata mfalme hakujua amsikilize nani, na watu wa baraza wakacheka. Meno ya difu hayakulingana, nasi tumeendelea kulipa gharama ya ugomvi ule miaka mingi. Walakini siku za dhiki zilipokuja, wasomaji wa pande zote mbili walikufa pamoja, nao hawakuulizana ni wa misheni gani.

Dhiki hiyo ilianza baada ya Mutesa kufariki, mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga kurithi kiti. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Kakumba, Lugalama na Seruwanga, waliuawa kwa moto. Mackay aliwaendea wakubwa akawaombea, akatoa zawadi, akasihi, wala hakupata kitu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Askofu Hannington aliuawa Busoga, na tarehe 3 Juni 1886 wengi walichomwa moto Namugongo. Yule aliyeweza kuunga mashua iliyovunjika hakuweza kurudisha pumzi ya mtoto mmoja. Naona hapo ndipo alipojaribiwa kuliko katika dhoruba ya ziwa. Angeweza kukimbia, na angeweza kukaa bila kazi kwa huzuni. Alirudi penye mtambo wa chapa, akaendelea kuitengeneza Injili ya Mtakatifu Mathayo kwa Kiganda, karatasi moja moja, na wasomaji wakazijia usiku kwa siri.

Mwezi wa Julai 1887 Mwanga alimtoa katika nchi. Hapo alivuka ziwa akaja Usambiro, nchi ambayo leo ni ya Tanzania. Akaanza tena mwanzo, akajenga nyumba, karakana na mahali pa kupasulia mbao. Wakimbizi wa Uganda wakamfuata huko. Mwezi wa Agosti 1889 Stanley alipita Usambiro pamoja na Emin Pasha, akiwa amechoka kwa safari ndefu ya misitu, akaona kwa macho yake karakana iliyojaa vyombo, tanuru ya chombo cha mvuke ikitengenezwa na wahunzi, mtumbwi mkubwa ukikarabatiwa nje, na magogo yakingoja msumeno. Mackay alikuwa akiunda chombo kipya cha ziwa, ambacho hakingetegemea upepo.

Watu wa pwani walikuwa wamempa jina la Mzungu wa Kazi. Wakubwa wake wa Uingereza walimwandikia arudi nyumbani apumzike, maana tangu mwaka 1876 hakuwa ameiona nchi yake. Alijibu mwezi wa Januari 1890 kwamba wakati ule haukuwa wa mtu kuacha kazi yake, akawasihi watume watu ishirini kwanza, ndipo yeye afikiri habari za kuja kuwasaidia kuwatafuta wengine.

Barua hiyo ilikuwa ya mwisho. Mwanzoni mwa Februari homa ilimshika, na tarehe 8 Februari 1890 alifariki, umri wake miaka 40. Mwenzake Bwana Deekes, ambaye naye alikuwa mgonjwa, ndiye aliyekuwa karibu naye. Jeneza liliundwa kwa mbao zile zile alizozipasua Mackay kwa ajili ya chombo chake cha ziwa. Siku ya Jumapili akazikwa kando ya kaburi la Askofu Parker, na Wakristo wa Kiganda na vijana wa misheni wakasimama kulizunguka kaburi wakiimba kwa lugha yao. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa, ikazikwa Namirembe, huko Uganda.

Basi chombo chake cha mwisho hakikuelea. Naliwaza neno hili mara nyingi, na zamani lilinihuzunisha. Lakini mtu huyu alifundisha, kwa kazi kuliko kwa maneno, kwamba kilichobaki hakidharauliwi, na kwamba mwenye kuunga vitu viwili lazima akubali kuacha kitu kizuri nje. Aliacha futi nane za Daisy, akafika Uganda. Aliacha mshahara wa Berlin. Mwisho mbao zake mwenyewe zilitumiwa kwa kazi ambayo hakuikusudia, na wale waliosimama kaburini wakiimba ndio waliochukua kazi mbele.

Ninyi vijana wa karakana, na ninyi wajumbe wa kamati, ninawaandikia hasa. Yubile hii itakapokwisha, tutaona vitu vingi vilivyochakaa, paa za shule, mashine ya kusaga, na hata sharika mbili ndogo ambazo kila moja haiwezi kumlipa mwalimu wake. Tusiseme upesi kwamba viuzwe au tungoje vipya. Tuvifungue kwanza, tuvipange chini, tuhesabu kilicho kizima. Kisha tupime kama meno yanalingana, na kama hayalingani tuwe na moyo wa kuiweka kando ile ekseli nzuri. Lori letu linaondoka kila Jumanne alfajiri kwenda zahanati za mbali. Ye yote apitaye karakana saa hiyo ataisikia injini ya gari moja ikiunguruma juu ya chesisi ya jingine, na mzee fundi amesimama mlangoni, akisikiliza kama iko sauti mbaya.